Barua ya wazi kwa viongozi wa Mombasa: Aliondokea Kilindini, jina lake liko Nairobi

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa, waheshimiwa wa Bunge la Kaunti, wakuu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wakuu wa Mamlaka ya Bandari ya Kenya.

Salaam aleikum na heshima zangu kwenu nyote.

Nawaandikia kwa ajili ya mtu mmoja aliyekuwa akiuza kahawa.

Alikuwa kakake bibi yangu mzaa mama, kwa hivyo kwangu mimi ni babu. Magharibi ikiingia alikuwa akitembeza kahawa Mji wa Kale, dele mkono huu, vikombe mkono huu, na bibi alisema alikuwa na mlio wake peke yake wa kugonga vikombe: hata ukiwa ndani na mlango umefungwa ulijua ni yeye anayepita, si muuza kahawa mwingine. Mchana alikuwa bandarini akitafuta kibarua. Nyumbani kwao ni Likoni. Utotoni alivuka maji ya Likoni kwa kuogelea, nguo amezifunga kichwani, akatokea ng'ambo ya kisiwani akavaa akaenda zake. Bibi alimchongea kwa mama yao mara mbili. Alipigwa mara mbili, na hakuacha.

Mwaka 1942 akaingia jeshini. Bibi alikuwa akisema "alichukuliwa", mama yangu husema "alijiandikisha", na nyumbani maneno yote mawili yanatumika mpaka leo. Wazee wetu waliwaita askari wote wa zama zile Keya, kwa jina la KAR (King's African Rifles), jeshi la askari wa miguu, lakini yeye alipelekwa kwenye mizinga, katika Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Mwaka 1943 alipewa likizo, akaja, akaoa. Alikaa na mkewe siku kumi na moja.

Mwanzoni mwa Februari 1944 kikosi chake kikapandishwa meli pale Kilindini. Meli yenyewe ilikuwa Khedive Ismail, iliyoundwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikauzwa Misri mwaka 1935 na kupewa jina la mtawala wa Misri. Vita vilipokuja ikafanywa meli ya kubebea askari. Ilikuwa inakwenda Colombo, Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka, kwa kuwa Waingereza walikuwa wanakusanya majeshi ya Afrika Mashariki ya kupigana na Wajapani kule Burma. Ndani yake walikuwamo askari 996 wa Kikosi cha 301, wanamaji wa Kiingereza zaidi ya mia mbili, na wanawake 83, wengi wao wauguzi. Ukiongeza mabaharia wa meli, watu wote walikuwa 1,511. Ilifuatana na meli nyingine nne zilizojaa askari, zikilindwa na manowari.

Bibi hakuambiwa siku wala saa. Vita vina siri zake. Lakini mtu wa Likoni meli humpitia mlangoni, hana haja ya kuambiwa. Wiki ile aliteremka ufukweni kila siku, akaipungia leso kila meli iliyotoka, maana hakujua yake ni ipi.

Jumamosi, tarehe 12 Februari 1944, msafara ulikuwa umefika karibu na visiwa vya Maldivi. Ilikuwa mchana, yapata saa nane u nusu, jua kali. Wengi walikuwa ndani: ukumbini watu walikuwa wanasikiliza muziki, na askari wengi wa Kiafrika walikuwa vyumba vya chini ya deki. Nyambizi ya Kijapani, I-27, ikarusha topido na mbili zikaipiga Khedive Ismail. Meli ilikwenda chini kwa muda usiotimia dakika mbili. Soma aya hii kwa sauti mpaka hapa, mara mbili au tatu, kisha utazame saa yako, ndipo utakapofahamu ni muda gani huo.

Walikufa watu 1,297. Waliookoka ni 214, wanaume 208 na wanawake sita. Wanawake 77 walikufa siku ile, na hakuna siku nyingine ambapo majeshi ya Uingereza na makoloni yake yalipoteza wanawake wengi kiasi hicho kwa mara moja.

Na kuna jambo lililofuata ambalo ni zito kuliandika. Waliojaliwa kutoka walikuwa wanaelea majini, wameshika mbao na maboya, na nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Manowari mbili za Kiingereza, Petard na Paladin, zilikuwa na askari maelfu katika zile meli nyingine nne wa kuwalinda. Petard ikapita pale pale walipokuwa watu, ikatupa mabomu ya kulipukia chini ya maji. Baadhi ya waliokuwa wameokoka topido wakauawa na wenzao. Nyambizi ilipopanda juu ikapigwa mizinga, Paladin ikajaribu kuigonga ikapasuka yenyewe ubavu, na mwishowe topido ya Petard ikaizamisha. Siandiki haya ili nimlaumu nahodha. Aliyekuwa amepewa uamuzi ule anajua mwenyewe aliishi nao vipi. Naandika kwa sababu bibi yangu aliishi zaidi ya miaka hamsini baada ya siku ile bila kuyajua haya hata moja, na kwa kutoyajua aliteseka kwa namna ambayo ingeepukika.

Alichokuwa akisema, kila habari ya bahari ilipotajwa, ni maneno matatu: "Lakini alijua kuogelea."

Alisema hivyo Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu 272 wakafa mbele ya macho ya ndugu zao. Tulikuwa uani, majirani wanalia, na bibi, mzee wa miaka sabini na kitu, akanigeukia akaniambia kakake alijua kuogelea, kana kwamba ni jana, kana kwamba nilikuwa nimembishia. Hakuweza kukubali. Mtoto aliyevuka maji ya Likoni na nguo kichwani, afe vipi baharini mchana wa jua? Kwa hivyo alijitungia majibu. Labda alitokea kisiwani akasahau njia. Labda alipata mke mwingine Bara Hindi. Labda alikuwa na hasira naye kwa kumchongea. La mwisho hili alimwambia mama yangu, usiku mmoja, na mama hajalisahau.

Laiti mtu mmoja angekuja kumwambia: Bibi, meli ilikwenda chini kwa dakika mbili na ndugu yako alikuwa ndani, chini ya deki. Kuogelea kwake hakukupata hata nafasi ya kuanza. Ni habari ya kuvunja moyo, lakini ingemwondolea ile ya hasira.

Iliyokuja ni barua, tena baada ya miezi, yenye mistari michache: amepotea baharini, anadhaniwa amekufa. "Anadhaniwa" ni neno gumu kwa familia ya Kiislamu. Maiti hakuna, kaburi hakuna, shahidi hakuna. Mkewe wa siku kumi na moja akae eda au asikae? Wazee walikwenda kwa kadhi, wakarudi, wakaenda tena. Hatimaye, Ijumaa moja, wakamsalia sala ya ghaibu, sala ya maiti asiyekuwepo mbele ya jamaa. Binti wa watu akakaa eda yake miezi minne na siku kumi, na baada ya miaka akaolewa kwingine. Alikuwa akija kututazama kila Idi mpaka alipofariki. Nasi tulimwita bibi vilevile.

Mimi ni karani bandarini. Kazi yangu ni kuhesabu shehena inayoshuka na inayopanda. Kila kontena lina herufi nne na namba saba, na likikosekana moja, simu zinalia toka asubuhi mpaka usiku, watu wanapanda na kushuka, kamera zinarudishwa nyuma, na hakuna mtu anayelala mpaka lijulikane liko wapi. Ni sawa, ndivyo kazi inavyotakiwa. Ila nimesimama magati yale yale ya Kilindini miaka mingi nikijua kwamba hapa walipanda watu 996 wa kikosi kimoja, wengi wao hawakurudi, na sijaona pahali popote bandarini wala mjini palipoandikwa kwamba waliwahi kupita.

Majina yao yapo. Hilo nataka mlijue, ili asije mtu akasema hakuna kumbukumbu. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola imeyaandika kwenye mnara wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, na orodha inasomeka kwenye intaneti. Nilimtafuta babu kwa namba yake ya jeshi, iliyoandikwa kwenye ile barua ambayo mama ameihifadhi ndani ya kasha. Kwa jina nisingempata. Karani wa jeshi aliandika alivyosikia, akalikata jina la baba herufi moja na kugeuza nyingine, na mtoto wa Likoni akawa mtu wa mahali pasipokuwapo.

Nilipanda treni nikaenda. Makaburi yenyewe yametunzwa vizuri, nyasi zimekatwa, kimya. Nikalikuta jina. Nikapitisha kidole juu yake, nikasoma Fatiha, nikapiga picha kwa ajili ya mama. Kisha nikatazama huku na huku na kitu kikanikaa kooni: tuko juu ya milima, baridi, zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini. Mtu aliyezaliwa kwenye mlango wa bahari, akaondokea baharini, akafia baharini, mtu wake akitaka kumzuru apande treni kwenda bara. Mama ana magoti mabovu. Hajakwenda, na hatakwenda.

Mtasema labda ndivyo ilivyo kwa askari wa kawaida, maisha yao hayaandikwi. Basi nizungumze kuhusu abiria mwingine wa meli ile ile.

Kenneth Gandar-Dower alizaliwa London mwaka 1908, akasoma Cambridge, akacheza tenisi mashindano makubwa, mwaka 1932 akasafiri kwa ndege ndogo kutoka Uingereza mpaka India. Mwaka 1934 alikuja Kenya, akapanda milima ya Aberdare kumtafuta simba mwenye madoa ambaye watu wa huko walimsimulia. Aliwapeleka duma wa Kenya Uingereza, na mwaka 1937 wakashindanishwa mbio kwenye uwanja wa mbwa. Wakati wa vita alikuwa mwandishi wa habari. Kule Madagaska alishuka na askari ufukweni risasi zikilia, na kofia yake ya mviringo, mwavuli wake na taipureta yake. Aliandika vitabu. Februari 1944 akapanda Khedive Ismail hapa Kilindini, akafa nayo akiwa na miaka 35.

Mimi namheshimu mtu yule. Nimesoma habari zake nikampenda, na nimemwombea. Tunajua alivyocheza tenisi, tunajua alivyovaa siku ya vita, tunawajua hata wanyama wake. Basi ndivyo inavyowezekana kumjua abiria wa meli ile. Inawezekana! Walipanda ngazi ile ile, wakala chumvi ya bahari ile ile, na sakafu moja chini yake kulikuwa na kijana wa Likoni ambaye watu walimtambua kwa mlio wa vikombe. Kilichotofautiana ni kwamba wa kwanza alikuwa na watu waliouliza na kuandika. Wa pili alikuwa na bibi yangu, na bibi hakuulizwa na mtu.

Nasi Mombasa kuzitunza habari za meli twajua, tusijidharau. Ndani ya Ngome ya Yesu kuna vitu vilivyotolewa chini ya maji mbele ya ngome yenyewe, kutoka meli ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama mwaka 1697 wakati ngome imezingirwa. Wapiga mbizi walifanya kazi tangu 1977 mpaka 1980 kuvitoa. Watoto wa shule wanapangwa mstari kuvitazama, na wanafundishwa. Wanangu walipelekwa, wakarudi wakinisimulia vyungu vya Wareno. Nikafurahi. Kisha nikajiuliza iwapo Mreno wa 1697 ana kabati la vioo, mjomba wa bibi yao wa 1944 anangoja nini.

Ninachoomba ni hiki. Pale Mama Ngina, kwenye mibuyu inayotazama mlango wa Kilindini, ambako jioni watu wa mji huu wanakaa kula mihogo na kunywa madafu huku meli zikipita karibu mpaka unasoma majina yake, uwekwe ukuta wa majina. Hapo ndipo meli ile ilipopita. Jiwe la kwetu, la matumbawe, au bati la shaba, litakalowezekana, liwe na majina yote ya Kikosi cha 301 waliokufa. Wako wa Pwani na wako wa bara, wa Kenya na wa nchi za jirani. Waliletwa hapa wakapandishwa hapa, na mlango ukishakuwa wako, aliyetoka nao ni mgeni wako. Waandikwe na wale wanawake 77, na mabaharia, na Gandar-Dower. Sitaki ukuta wa Waswahili peke yao. Maji yale hayakumbagua mtu.

Na kabla ya kuchonga, majina yasahihishwe. Hili nalisisitiza kuliko ukuta wenyewe. Itolewe orodha, isomwe redioni, redio za Pwani na za bara, kila jina na kijiji chake kama kimeandikwa, na watu wapewe muda wa kuja kusema: huyu ni wetu, na jina lake haliandikwi hivyo. Makumbusho mnao watafiti, na mnajua kazi ya kukusanya masimulizi. Waliokuwa watoto mwaka 1944 sasa wamepita miaka themanini. Kila Ijumaa tunazika.

Ngome ya Yesu patafutwe chumba, hata pembe moja, pa Kilindini ya wakati wa vita. Si Khedive Ismail peke yake: manowari za Waingereza zilihamia hapa mwaka 1942 baada ya Wajapani kuishambulia Colombo, na katika shule ya Allidina Visram, ambayo watu wazima wengi wa mji huu wamesoma, walikaa watu wa kufumbua simu za siri za Kijapani. Vijana wetu wanapita nje ya ukuta ule kila siku. Na bandari, kila tarehe 12 Februari saa nane u nusu, ziombwe meli zilizo gatini zipige honi mara moja. Hilo halina gharama.

Najua kuna watakaosema hao walipigania ufalme wa wageni, na pesa ya kaunti haitoshi hata kwa maji ya mfereji. La maji nalikubali, mimi pia nanunua mitungi. La wageni nalijibu hivi. Wale wageni, walipojenga sanamu ya askari pale Kenyatta Avenue, Nairobi, kwa ajili ya vita vya 1914 mpaka 1918, waliandika kwa Kiswahili kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Jina hata moja halikuchorwa pale. Mwaka 2021 ile Tume ya makaburi yenyewe ilikiri na kuomba radhi kwamba Waafrika wengi mno waliokufa katika vita vile hawakuandikwa popote. Wa 1944 wameandikwa. Ahadi kwao imebaki nusu, na nusu ile haidaiwi London. Walisema "watoto wako". Watoto ni sisi.

Niliwahi kulipeleka ombi hili kwa mkono katika ofisi moja ya umma, nikaambiwa niache nakala na namba ya simu. Sikupigiwa. Sitaitaja ofisi, na aliyenipokea alikuwa mwungwana. Ndiyo maana safari hii naandika hadharani, ili barua isiwe ya meza moja.

Jina la babu sijaliandika humu makusudi. Mama ametukataza lisitoke kwanza likiwa limekosewa tena. Ameliandika kwa mkono wake kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kama alivyofundishwa na bibi, na jina la baba yake, na la mtaa wao. Karatasi iko ndani ya kasha pamoja na ile barua ya 1944. Yuko nyumbani kila siku baada ya alasiri, na mtu yeyote mtakayemtuma atakaribishwa kahawa.

Wenu,
Karani wa Kilindini, mkaazi wa Likoni